Kisasi kikiwekwa akiba humla mwekaji

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kisasi. Sina maana ya ugomvi wa papo kwa papo, wa mtu aliyepigwa kofi akarudisha kofi. Nina maana ya kile kisasi ambacho mtu hukiweka moyoni mwaka mmoja, miaka mitatu, miaka kumi, huku kila asubuhi akimwamkia adui yake na kumwuliza habari za nyumbani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nasi kwa kawaida tunaichukua methali hiyo kuwa onyo juu ya ndugu au rafiki msaliti. Lakini kipo kitu kingine kinachokaa nguoni na kumla mtu polepole, nacho ni chuki aliyoiweka akiba.

Wako wenzetu waliosoma ambao wakisikia hadithi ya mwana wa mfalme aliyekimbia nchi yake, ya mtawala aliyeua ili atawale, ya hila na fuvu la kichwa, mawazo yao huruka moja kwa moja hadi Ulaya. Hudhani mambo hayo ni ya kina Shakespeare, na kwamba sisi wa uwanda huu mkavu wa katikati ya Tanzania tulikuwa na ng'ombe, mtama na misafara ya hongo tu. Mimi nasema tanzia kubwa kuliko zile za London ilichezwa hapa hapa, kuanzia Ugogo hadi Uhehe, na wachezaji wake hawakuinuka kwenda kubadili nguo baada ya pazia kufungwa.

Tuanze na hao Waingereza, kwa sababu walilitazama jambo hili kwa makini. Zaidi ya miaka 400 iliyopita, katika kipindi ambacho wanahistoria wa Ulaya hukiita Mwamko, majumba ya michezo ya London yalijaa watu waliolipa kiingilio kutazama tamthilia za kisasi. Thomas Kyd aliandika moja katika miaka ya 1580. Inamhusu mzee mmoja wa Kihispania, Hieronimo, ambaye mwanawe aliuawa na wakubwa wa nchi. Mzee huyo mwenyewe alikuwa hakimu, lakini haki ya mwanawe hakuipata kwa mfalme aliyemtumikia. Akasubiri. Akajifanya amepatana na wauaji. Mwishowe akatayarisha mchezo wa kuigiza mbele ya wafalme, akawapa wauaji nafasi za kucheza, na katika mchezo ule visu vilikuwa visu vya kweli.

Mnamo mwaka 1600 Shakespeare akaandika Hamlet. Mfalme wa Denmark ameuawa na ndugu yake mwenyewe kwa sumu iliyotiwa sikioni akiwa amelala, na ndugu huyo amekalia kiti na kumwoa mjane. Mzimu wa marehemu unamtokea mwanawe na kumtaka alipe kisasi. Kijana anasitasita. Anajifanya mwendawazimu ili apate nafasi ya kuchunguza, na katika kuchunguza huko anamchoma upanga mzee aliyejificha nyuma ya pazia, akidhani ni mfalme. Binti wa mzee huyo anapoteza akili na kufa maji. Kaka wa binti naye anataka kisasi chake. Tamthilia inapokwisha, jukwaa limejaa maiti, na nchi inachukuliwa na mwana wa mfalme wa Norway, ambaye wala hakuhusika na ugomvi wenyewe.

Iko tamthilia ya tatu, iliyochapwa mwaka 1607, ambayo wengi hawaijui. Mtu mmoja aitwaye Vindice amelitunza fuvu la mchumba wake kwa miaka tisa. Mtawala alimpa binti yule sumu kwa sababu alimkataa. Baada ya miaka tisa Vindice analivika fuvu mavazi ya kike, analitia sumu mdomoni, na kumleta mtawala gizani kama anayeletewa mwanamke. Mtawala anabusu, anakufa. Lakini Vindice, baada ya kufaulu hivyo, hawezi kunyamaza. Anajigamba kwa ujanja wake, na kujigamba huko kunampeleka kunyongwa.

Ukizipanga hadithi hizi tatu pamoja utaona zote zinapita njia moja. Dhuluma inafanywa na mtu ambaye ndiye mwenye sheria mkononi, kwa hiyo hakuna pa kushtaki. Aliyedhulumiwa hana nguvu siku hiyo, kwa hiyo anasubiri. Nawe huwezi kusubiri karibu na adui bila kudanganya. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa maana hila haichagui. Inamnasa adui, inamnasa na mpita njia, na mwishowe inamnasa aliyeitega.

Msikilizaji wa Kiswahili si mgeni wa mambo haya. Mwalimu Nyerere alitafsiri Juliasi Kaizari, kitabu kilichotoka mwaka 1963 na kurudiwa kwa masahihisho mwaka 1969, na ndani yake mna barua za kughushi zilizomvuta Brutus kwenye njama, kisha msiba uliogeuzwa kuwa vita vya kulipiza. S. S. Mushi alitupa Makbeth mwaka 1968, yenye mwana wa mfalme anayekimbilia nchi ya jirani na kurudi na jeshi. Naye Mugyabuso Mulokozi, mwaka 1979, akaona kwamba hatuna haja ya kuazima mfalme. Aliandika tamthilia ya Mukwawa wa Uhehe. Na huko ndiko ninakotaka twende.

Mwishoni mwa miaka ya 1870 alifariki Munyigumba, mtawala aliyewaunganisha Wahehe. Mara palizuka ugomvi wa kiti. Mwambambe, mtu wa asili ya Unyamwezi aliyekuwa mtumwa wa Munyigumba na kisha akapewa binti yake kuoa, alitaka kutawala. Hapo ndipo methali ya kikulacho inapokaa mahali pake hasa. Masimulizi ya Wahehe yanasema kwamba kijana Mkwawa alilazimika kukimbia, na mahali alipopata hifadhi ni huku kwetu Ugogo. Kisha akarudi. Mwambambe akatafuta msaada kwa Nyungu ya Mawe, yule mtemi mwenye jicho moja aliyetawala Ukimbu kwa nguvu za rugaruga. Mapambano ya mwisho kati ya mashemeji hao yaliacha jina la mahali, Lundamatwe, ambalo maana yake huelezwa kuwa ni pale palipolundikwa vichwa.

Mkwawa alikuwa amepata kisasi chake na kiti cha baba yake. Lakini ile Ugogo iliyompa hifadhi haikusalimika. Katika miaka ya 1880 majeshi ya Wahehe yalipanda huku mara kwa mara kuteka ng'ombe. Mtu aliyejifunza kukaa na kisu chini ya mkeka hakiweki kando kwa sababu tu adui wa kwanza amekwisha.

Kisha wakaingia Wajerumani. Na hapa naomba mlikumbuke jina la Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo. Huyu ndiye aliyekuwa Pangani mwezi Agosti 1888 kwa niaba ya kampuni ya Wajerumani, akaonyesha ubabe uliosaidia kuwasha vita vya Bushiri. Moto wa vita hivyo ulifika hadi Mpwapwa, ambako watu wa Bushiri walishambulia kituo cha Wajerumani mwaka 1889. Bushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo huo. Mwaka uliofuata Carl Peters alipita Ugogo akitokea Uganda, akagombana na Wagogo juu ya hongo, akachoma vijiji na kuteka mifugo. Wagogo hawakuwa na deni na Zelewski wala na Mkwawa, lakini walikuwa njiani. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Mwaka 1891 Zelewski akapanda Uhehe na jeshi lake, akichoma makazi kila alipopita. Alikuwa na bunduki za kisasa, mizinga na askari wa Kisudani, na aliwadharau Wahehe kwa sababu walikuwa na mikuki na ngao. Tarehe 17 Agosti msafara wake ulipita Lugalo kwa mstari mmoja mrefu, mtu nyuma ya mtu. Wahehe walikuwa wamejificha katika mawe na vichaka. Mlio mmoja wa bunduki ukatoa ishara. Kwa muda mfupi sana Zelewski aliuawa pamoja na Wazungu wengine tisa na askari zaidi ya 200, na silaha zao zikachukuliwa.

Kwa Wahehe lile lilikuwa tendo la kuilinda nchi yao, na sioni mtu mwenye haki ya kuwalaumu. Lakini sasa deni lilikuwa limehamia upande wa pili. Wajerumani hawakuweza kulipa mara moja. Gavana wa wakati ule, von Soden, hakupenda vita vya gharama kubwa. Mazungumzo ya amani yalijaribiwa yakavunjika, na mwaka 1892 Wahehe wakashambulia kituo cha Wajerumani cha Kondoa, ile ya upande wa Kilosa. Alipokuja gavana mwanajeshi, von Schele, subira ikaisha. Tarehe 30 Oktoba 1894, miaka mitatu na zaidi baada ya Lugalo, ngome ya Kalenga yenye kuta za mawe ilivunjwa. Mkwawa hakupatikana.

Angalieni tofauti iliyopo kati ya jukwaa na maisha. Hamlet alichelewa kwa sababu alitaka kwanza kuwa na hakika. Hakutaka kuua kwa neno la mzimu tu. Dola ya Kijerumani ilichelewa kwa sababu ilikuwa ikihesabu fedha na risasi. Ucheleweshaji wa aina ya kwanza una chembe ya haki ndani yake. Wa pili ni hesabu tupu, na hesabu haina kilio.

Baada ya Kalenga palifuata miaka karibu minne ya msitu. Mkwawa alihamahama, watu wakimpelekea chakula kwa siri, na zawadi ya rupia 5,000 ikatangazwa kwa atakayeleta kichwa chake. Wasangu wa Merere, ambao Wahehe walikuwa wamewafukuza nchini mwao tangu miaka ya 1870, waliungana na Wajerumani na kurudishiwa nchi yao. Nao pia walikuwa wameweka akiba yao kwa miaka ishirini. Lakini kisa kinachonisikitisha kuliko vyote ni cha Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Desemba 1896 Wajerumani walimtawaza awe mtawala wa Wahehe chini yao. Februari 1897 wakamnyonga wao wenyewe, wakimshuku kwamba kwa siri anamsaidia kaka yake. Miezi miwili tu, kutoka kiti hadi kitanzi. Hata Shakespeare angeona haya kuandika haraka namna hiyo.

Mpangile ndiye yule mzee wa nyuma ya pazia. Katika nchi iliyojaa hila, kila anayepeana mkono na pande mbili huonekana msaliti na pande zote mbili, awe ana hatia au hana.

Tarehe 19 Julai 1898, Mlambalasi, kikosi cha Sajini Meja Merkl kilimkuta Mkwawa amekwisha kujipiga risasi. Alikuwa amemnyima adui yake furaha ya kumkamata. Basi adui akachukua alichoweza kuchukua. Kichwa kilikatwa, kikapelekwa Iringa, na fuvu likaishia Ujerumani. Mumkumbuke Vindice na fuvu lake la miaka tisa. Hili lilikaa miaka 56.

Na kama lile la Vindice, lilivikwa mavazi. Mwaka 1918, Waingereza walipokuwa wameiteka nchi hii, msimamizi wao, Horace Byatt, alipendekeza London idai fuvu la Mkwawa, ili Wahehe wafurahi na watu wote waone kwamba enzi ya Mjerumani imekwisha. Ndivyo jina la mtawala wa Uhehe lilivyoingia katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kifungu kile kile kilichoitaka Ujerumani irudishe kwa Mfalme wa Hijazi Msahafu wa Khalifa Uthman. Ujerumani ilipewa miezi sita. Miezi sita ikapita, miaka thelathini ikapita, fuvu halikuonekana.

Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen. Yalikuwepo mafuvu karibu 2,000. Likachaguliwa moja lenye tundu la risasi na vipimo vinavyokaribiana na vya jamaa wa Mkwawa, na mpaka leo wako wanaotilia shaka kama ndilo lenyewe. Tarehe 19 Juni 1954 likakabidhiwa kwa heshima zote Kalenga, kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu. Jirani zetu wa Kenya walikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952, na gavana alitaka sana Wahehe wawe watiifu kwa Malkia. Alidhani analeta fuvu la kununulia utii. Siku 18 baadaye, tarehe 7 Julai 1954, TANU ikazaliwa Dar es Salaam.

Sasa tujiulize, ndugu wasikilizaji: katika mnyororo huu wote, nani alilipwa? Mwambambe alikufa, Zelewski akafa, Mpangile akafa, Mkwawa akafa. Wajerumani walioisubiri Kalenga miaka mitatu waliipoteza nchi yote miaka ishirini na kitu baadaye. Kama ilivyo katika Hamlet, nchi iliyopiganiwa ilikwenda kwa mtu wa tatu. Kila mmoja aliamini kwamba pigo lake ndilo la kufunga hesabu, na kila pigo likafungua ukurasa mpya.

Mimi naona mnyororo huu ulikatwa mahali ambapo wengi hawapatazami. Yule Adam Sapi Mkwawa aliyelipokea fuvu la babu yake alikuja kuwa Spika wa Bunge letu, kuanzia 1962 hadi 1973, na tena kuanzia 1975 hadi 1994. Mjukuu wa mtu aliyeishi na kufa kwa mkuki alikaa zaidi ya robo karne kwenye kiti ambacho kazi yake ni kuwaambia watu wanaotofautiana: sema wewe, kisha aseme mwenzako, na wote tusikie. Bunge hilo leo lina makao yake hapa Dodoma, kwenye nchi ile ile ya Ugogo iliyomficha babu yake akiwa kijana. Sisemi kwamba maneno ya bungeni hayana hila. Zimo, tena nyingi. Lakini hila inayosemwa mchana mbele ya wengine inaweza kujibiwa. Ile inayokaa nguoni haijibiki.

Hata Hamlet, akiwa anakata roho, hakumwomba rafiki yake aendeleze kisasi. Alimwomba abaki hai awaeleze watu ukweli wa mambo yaliyotokea.

Jambo hili si la zamani tu. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, watu zaidi ya 30 waliuawa katika shambulio moja kwa ugomvi wa wakulima na wafugaji. Ugomvi wa namna ile hauanzi siku damu inapomwagika. Unaanza na ng'ombe waliokula shamba, shauri lisilosikilizwa, fidia isiyolipwa, na watu wanaorudi nyumbani kimya. Nasi wa mjini tusijidanganye kwamba tumestaarabika kupita hao. Nyumba ya urithi iliyouzwa na mmoja wa ndugu kwa siri, mfanyakazi aliyenyimwa cheo na bosi aliyemchongea, mbia aliyedhulumiwa dukani: hawa wote wanasalimiana vizuri sana, na ukimya wao ndio wa kuogopwa.

Mwezi Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, mbele ya wazao wa Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906, akaomba radhi, akaahidi msaada wa kulitafuta fuvu lake. Radhi ile ilichelewa miaka zaidi ya mia moja, na wapo wanaosema haitoshi bila fidia. Hoja yao ni nzito na inafaa isikilizwe. Lakini ilisemwa hadharani, kwa jina la aliyeuawa, mbele ya watu wake, na deni lililotajwa hadharani laweza kudaiwa hadharani.

Basi ukiwa na deni la moyoni, ndugu yangu, lidai kungali mchana. Nenda kwa mzee wa ukoo, nenda baraza la kata, nenda mahakamani, simama ulitaje. Huenda usilipwe lote. Lakini hutalala na fuvu chini ya mto kwa miaka tisa.